Mume wangu ameitwa misheni Msumbiji, mimi sijaulizwa

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mke wa mwinjilisti, nina miaka 36, tunaishi Pasua hapa Moshi mjini. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni mvulana, yuko darasa la sita. Wa pili ni msichana, yuko la pili. Wa mwisho ana mwaka na nusu, bado ananyonya. Nina kibanda cha mitumba Kiborloni, nauza nguo za watoto, na mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama kumi na wanane.

Mwezi wa sita mume wangu alirudi jioni ameshika bahasha, akaniambia, "Mke wangu, Bwana amefungua mlango." Amechaguliwa kwenda kuwa mmisionari kaskazini mwa Msumbiji, mkoa wa Nampula, kufundisha wainjilisti wa vijijini kwa miaka minne. Nikauliza jibu linatakiwa lini. Akasema ameshajibu, wiki mbili nyuma. Jumapili iliyofuata likatangazwa kanisani, tukasimamishwa mbele wote wawili, watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Akina mama walinikumbatia wakisema nimebarikiwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kwenda.

Mama, sikatai kazi ya Mungu. Nimelelewa kanisani, nimeimba kwaya tangu nina miaka kumi. Lakini mama mkwe wangu yuko Kidia, Old Moshi, peke yake na ng'ombe wawili wa ndani, na mume wangu ndiye kitinda mimba, ile nyumba ni yake. Tulipompelekea habari alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nikifa nani atanipeleka mgombani?" Akainuka, akachukua mundu akaenda kukata majani, na jua lilikuwa limeshazama. Tangu siku hiyo akipigiwa simu na mwanawe hapokei. Yangu anapokea.

Mtoto wa kwanza mume wangu anasema abaki, tumtafutie shule ya bweni. Usiku mmoja mtoto aliniuliza, "Mama, nyie mkienda, likizo mimi nitaenda kwa nani?" Sikuwa na jibu. Kikoba kinanidai laki nane nilizoongezea belo. Kireno sijui hata neno moja. Na habari za vita vya kule tunazisikia sote. Nikizitaja, mume wangu ananiambia hofu ni upungufu wa imani, ananisomea habari za Ibrahimu kuondoka kwao.

Barua ya wanaotutuma inasema tuondoke Januari. Nikatae? Na nikikubali, najiandaaje? Nalia nikiosha vyombo ili watoto wasinione.

Mke wa mwinjilisti, Pasua

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwaka 1996 nami nilisimamishwa mbele ya kanisa nikatabasamu kama wewe, na miezi mitatu baadaye nilikuwa ndani ya mtumbwi katikati ya Mto Ruvuma, pale Kilambo, nimemfunga mwanangu wa pili mgongoni kwa kitenge, masanduku yetu yakiwa kwenye mtumbwi wa nyuma. Daraja la Umoja halikuwapo, lilikuja kufunguliwa mwaka 2010. Tulikaa Nampula miaka sita. Mengi nitakayokuambia nimeyaona huko, na baadhi yake nimeyajua kwa kukosea.

Katika yote uliyoandika, lililonishika ni kwamba hukuulizwa. Hilo ndilo la kwanza, kabla ya vita, kabla ya shule, kabla ya Kireno. Mimi siamini kwamba Mungu humwita mmoja kati ya wawili waliofanywa mwili mmoja, halafu yule mwingine akasafirishwa pamoja na masanduku. Ukienda hujaulizwa, kila shida ya huko utamhesabia mume wako. Mtoto akishikwa na homa, ni yeye. Maji yakikatika, ni yeye. Nilifanya hivyo miaka miwili mizima, na sipendi kukumbuka nilivyokuwa namjibu mtu yule.

Kwa hiyo mtafute mchana, watoto wakiwa shule, mdogo amelala. Usimwambie kitandani usiku, ambako kila mtu amechoka na neno la kwanza linakuwa ugomvi. Mwambie hivi: "Umejibu kwa niaba yangu. Nataka uniulize sasa, na uwe tayari kusikia jibu lolote." Kisha nyamaza. Huenda hakukuficha kwa dharau. Wanaume wengi wa kazi hii huogopa wakiuliza watajibiwa hapana, wakaona heri watangulize jibu. Wangu aliniungamia hivyo tukiwa tumesharudi, mwaka wa nane tangu tuondoke. Ungamo la namna hiyo linafaa sana likija kabla ya safari.

Na kukataa unaruhusiwa, mwanangu. Ukisikia yote, ukaomba, ukapima, ukaona hapana, basi jibu la nyumba yenu ni hapana, na ni mume wako atakayekwenda kulieleza. Kazi ya Mungu iko pia Himo na Kahe.

Sasa hofu. Mume wako mpende, lakini kwa hili amekosea. Unachokiogopa kipo. Mapigano yalianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, ule unaopakana na Mtwara yetu. Nampula ni mkoa unaofuata kwa kusini, ng'ambo ya Mto Lúrio, na huko ndiko maelfu ya waliokimbia walikopokelewa. Mwaka 2022 mashambulizi yalivuka mto yakaingia wilaya za kaskazini za Nampula yenyewe. Septemba mwaka ule misheni ya Chipene, wilaya ya Memba, ilichomwa moto, na mtawa mmoja Mwitaliano aliyekuwa ametumika Msumbiji tangu miaka ya 1960 akauawa. Sikwambii haya ili ukatae. Nakwambia kwa sababu Nampula ni mkoa mpana, na kukaa Malema kule magharibi kwenye reli si sawa na kukaa Memba. "Nampula" peke yake si jibu. Waulizeni wanaowatuma: wilaya gani, kijiji gani, nani yuko pale sasa hivi tunayeweza kumpigia simu leo? Hali ikichafuka, nani anaamua tuondoke, na tunaondoka kwa gari la nani? Mtu akikwambia "Mungu atawalinda" badala ya kujibu, mrudishie swali kwa upole, mara tatu ikibidi.

Barabara ile ya pwani niliyopita mimi, Palma hadi Mocímboa, msiifikirie kabisa. Kuna njia ndefu ya kuzunguka Malawi: mnavuka Kasumulu, mnatokea Mandimba, mnafika Cuamba, na kutoka Cuamba kuna treni hadi Nampula. Au mpande ndege, kama wanaowatuma wanaweza. Na mtoto anayenyonya, mimi ningedai ndege.

Kila ninapokwenda Arusha, gari likipita Usa River, huwa nageuza uso upande wa Akeri. Pale ndipo Oktoba 1896 walipouawa wamisionari wa kwanza wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, waliokwenda Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Makaburi yao yanajulikana hadi leo. Lakini hawakufa peke yao, walikuwako Wachagga waliofuatana nao kutoka huku kwetu, nao waliuawa usiku uleule. Mimi huwa nawaza mama zao na wake zao, huku mlimani. Waliulizwa? Watu wa kwetu wamekuwa wakienda misheni tangu siku hizo, na waliobaki nyumbani wamekuwa wakinyamaza tangu siku hizo. Wewe usinyamaze.

Mkishakubaliana ninyi wawili, nendeni ofisini wawili. Si yeye aende akuletee majibu. Sisi tulikwenda na maneno ya mdomo tu, na waliotutuma sitawataja, maana wengi wao ni watu wema waliokuwa hawajui. Mwaka wa pili posho ilichelewa miezi minne. Tuliishi kwa mihogo mikavu ya jirani, na mume wangu aliona haya kuandika barua ya kudai. Kwa hiyo, kwa maandishi: posho ni kiasi gani, kwa fedha ipi, inafika kwa njia ipi, maana kule mtanunua kwa metikali na bei haisubiri ofisi ya Moshi. Matibabu nani analipa, na hospitali ipi. Ada za watoto. Likizo baada ya muda gani. Na hili lishikilieni kuliko yote: nauli ya mtu mmoja kuja nyumbani msiba ukitokea, iwe imetengwa tayari, si ya kwenda kuombewa mchango. Utaona kwa nini nikifika kwa mama mkwe wako.

Liwemo pia la kwako. Waulize, "Mimi nitakuwa nafanya kazi gani?" Wakikwambia "utamsaidia mumeo", waambie waandike saidio lenyewe ni lipi. Wewe unajua hesabu, unajua kuuza, unaendesha fedha za wanawake kumi na wanane na hakuna aliyelalamika. Huko vijijini hicho ni kipawa kikubwa kuliko unavyodhani. Ila usifunge belo ukaenda kufungua mitumba. Kibali cha kanisa si cha biashara, na mgeni akikamatwa kwa hilo nyumba nzima inarudishwa.

Vyeti anzeni wiki hii. Pasipoti za wote watano, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, cheti cha ndoa, cheti cha polisi cha tabia njema, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ulizeni ubalozi wa Msumbiji Dar es Salaam vipi vinatakiwa kutafsiriwa Kireno na kugongwa muhuri kabla hamjaondoka, maana kuvitafsiri mkiwa huko ni kuzunguka miezi. Mkifika mtafuatilia kitambulisho cha mgeni mkaazi, wenyewe wanakiita DIRE. Msikae bila hicho hata kama mtaambiwa si neno.

Mtoto wa kwanza. Hapa nitakuwa mkali, univumilie. Sisi wa kwetu tulimwacha bweni akiwa na miaka kumi na moja, likizo akawa anagawanywa kwa ndugu, Krismasi Machame, Pasaka Arusha. Tulirudi mara ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu. Alikuja kutupokea stendi na baba yake mdogo, akanisalimia "Shikamoo" akanyoosha mkono kama anavyomsalimia mgeni wa mwalimu mkuu. Shati lake lilikuwa fupi mikononi na mimi sikujua lini mikono ilirefuka. Leo ni mtu mzima, ana familia, tunapendana, lakini ile miaka hakuna aliyeturudishia. Swali la mwanao, "likizo nitaenda kwa nani", ni swali la mtu mwenye akili. Anastahili jibu lenye jina la mtu na nyumba.

Mwakani yuko darasa la saba, na mtihani wa taifa ni Septemba. Kumhamisha Januari hiyo kwenda kusoma kwa Kireno ni kumvunja miguu. Ningekuwa wewe, ningeomba safari isogezwe: mume wako atangulie Januari akasome lugha na kutafuta nyumba, wewe na watoto mkae Pasua mpaka mtihani upite, kisha mwende wote. Shule za kule zinafungua mwanzoni mwa mwaka kama zetu, kwa hiyo mkifika Novemba au Desemba wana miezi miwili ya kucheza na watoto wa jirani na kuokota Kireno kabla ya darasani. Yule wa la pili kitamwingia haraka, ataanza kukusahihisha wewe. Mkubwa mtamsikiliza mwenyewe. Kama atataka kusoma sekondari nyumbani, basi abaki kwa mtu mmoja, nyumba moja, anayempenda, na nauli yake ya kuja kwenu kila mwaka iingie kwenye yale maandishi.

Ofisi itakwambia mpango huo ni wa gharama. Ni kweli. Familia inayorudi mwaka wa kwanza imeshindwa inagharimu zaidi.

Lugha. Dai miezi sita ya kujifunza tu, bila majukumu, mumeo naye vilevile. Kireno ni cha ofisi, shule na hospitali. Lakini wanawake wa kijijini watazungumza nawe Kimakua, na bila Kimakua utakuwa mke wa mwalimu tu, wanakusalimia wanapita. Una bahati moja: Wamakua wako hata kwetu Tanzania, Masasi na Nanyumbu. Hapa Moshi hukosi mama wa Masasi, mwanajeshi mstaafu au mke wa askari. Mtafute sasa, mkae naye saa moja kwa wiki. Kimakua cha Masasi na cha Nampula hakifanani kila neno, lakini sikio litafunguka. Kule wanasalimiana "salama", na asante yao utasikia ni kama "koshukuru". Nilipoyasikia hayo mawili siku ya kwanza sokoni nilitaka kulia kwa furaha. Shamba wanaliita "mashamba" hata wakizungumza Kireno.

Lakini usidanganyike na maneno yanayofanana. Wewe umezaliwa kwenye ukoo wa baba, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha baba, mke anakuja kwa mume. Kwa Wamakua watoto ni wa ukoo wa mama, na kwa desturi mwanamume ndiye anayekwenda kukaa kwa wakweze. Sisi tulikuwa na msichana mmoja hodari, tukataka aendelee na shule. Mume wangu akamwendea baba yake, wakazungumza vizuri sana, baba akakubali kila kitu, wakapeana mikono. Msichana hakuja. Tukaenda tena, baba akakubali tena. Mwaka mzima. Hatimaye mama mmoja akanihurumia, akaniambia taratibu kwamba baba yule anakubali kwa adabu tu, neno la mtoto liko kwa mjomba wake. Tulimkuta mjomba chini ya mkorosho anasuka kamba. Alisikiliza, akatuuliza kwa nini tumechelewa kuja. Msichana alianza shule Jumatatu ile.

Pamoja na mwene, yaani mkuu wa ukoo, yupo mama mzee wanayemwita apwiyamwene. Usimruke. Ukifika kijijini, kabla hujaitisha kikao chochote cha akina mama, mwombe mtu akupeleke ukamsalimie. Kaa mkekani, usiombe kiti. Usiseme umekuja kufundisha nini. Akikuuliza, sema umekuja kujifunza kuishi nao, na iwe kweli.

Kuna jambo dogo limenikaa moyoni miaka yote hii. Jirani yangu wa kwanza alikuwa mwanamke wa umri wangu, na asubuhi moja alikuja na kijiti cha msiro na jiwe. Alimwaga maji kidogo juu ya jiwe, akakisugua kile kijiti polepole, kikatoa tope jeupe laini kama uji wa mtoto, akachovya vidole, akanyoosha mkono anipake usoni. Wanawake wa kule hujipaka hivyo, uso wote unakuwa mweupe, ngozi inakuwa nyororo. Mimi nilirudisha kichwa nyuma. Niliwaza akina mama wa usharika wetu wataniona vipi, nikadhani huenda ni mambo ya jadi yasiyofaa. Akafuta vidole kwenye kapulana yake, yaani kitenge cha kule, akaondoka. Ilichukua miezi mingi kabla hajaja tena kukaa barazani kwangu. Uliza kwanza maana ya kitu, mwanangu, ndipo ukikatae.

Umeolewa Old Moshi, unajua hili kwa upande wa pili. Pale Kidia kwa mama mkwe wako ndipo alipoishi Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Uchagani mwaka 1902. Alijifunza Kichagga, akakaa na wazee akiwauliza habari za ukoo, kihamba na ujirani, na akaujenga usharika juu ya hayo badala ya kuyabomoa. Muulize mama mkwe wako alisikia nini kwa wazazi wake juu ya Wazungu wa misheni: nani alisalimia, nani hakusalimia, nani alikula alichopewa. Wazee wanakumbuka mambo hayo kuliko mahubiri. Na ninyi mtakumbukwa kwa hayo.

Afya kwa ufupi. Watoto wa huku juu hawajazoea malaria, miili yao haina kinga aliyo nayo mtoto wa bondeni, na Nampula malaria ni ya mwaka mzima, inazidi mvua zikianza. Vyandarua vyenye dawa vitano, vipya, viwe kwenye begi la mkononi ili usiku wa kwanza mlale ndani yake. Mtoto akipata joto, apimwe siku hiyohiyo, usimpe Panadol tu ukangoja asubuhi. Maji chemsheni yote, kipindupindu kule ni cha kawaida. Mdogo mnyonyeshe mpaka mfike na mtulie, usimwachishe kwa ajili ya safari.

Mizigo, punguza. Mimi nilibeba masufuria makubwa ya shughuli na nikaacha picha za nyumbani. Sufuria zipo kila soko duniani. Beba vitabu vya Kiswahili vya watoto, picha za bibi na za mlima, na kitabu chako cha nyimbo. Ugali upo, wa mahindi na wa muhogo, na kisamvu cha kule kinachopikwa kwa nazi na karanga, wanakiita matapa, utausahau mtori kwa siku moja moja.

Kikoba: lipa ile laki nane kabla ya Desemba, hata kwa kuuza stoku kwa bei ya kutupa. Kabidhi daftari na sanduku mbele ya wanachama wote, mhesabu wakiona, muweke sahihi. Asije mtu kusema mke wa mmisionari aliondoka na fedha za wanawake. Kibanda usikiuze. Mpe mdogo wako akiendeshe kwa makubaliano ya kuandikiana, ili siku ukirudi uwe na pa kuanzia.

Nimemwacha mama mkwe wako mwisho kwa sababu ndiye atakayeamua kama mtaondoka kwa amani. Aliposema "nani atanipeleka mgombani", alikuwa anamuuliza kitinda mimba wake swali halali, kwa mila na kwa Biblia. Hakujibiwa, akaenda kukata majani. Mnadhani amekasirika. Mimi naona anangoja.

Hajibiwi kwa simu, wala kwa mchungaji kutumwa kumweleza wito. Mume wako apande mwenyewe, na jani la sale mkononi kama desturi yetu Wachagga ya kuomba radhi, aseme kwamba alikosea kuleta habari iliyokwisha kuamuliwa. Kisha waitwe ndugu zake. Nani atalala kwenye ile nyumba? Nani atakata majani ya ng'ombe, au wauzwe, abaki mmoja, au wapewe kijana wa jirani kwa makubaliano ya maziwa? Nani anampeleka kliniki? Kila jambo liwe na mtu, na mama awepo akisikia mtu huyo akikubali kwa mdomo wake. Halafu mwanawe amwonyeshe ile karatasi yenye nauli ya msiba, amsomee, amwambie, "Mama, popote nitakapokuwa, nitakuja mimi."

Ukoo ukishindwa kumpata wa kulala pale, basi safari isubiri. Hilo nalisema bila kusita, na ofisini mnaweza kuwaonyesha barua hii.

Jumamosi hii pandeni Kidia wote watano. Mwambie kijana mkubwa akate majani na bibi yake, asubuhi, kabla ya mazungumzo. Wewe pika. Mume wako akae na mama yake, na mwache aanze yeye kuzungumza.